Siku Baba Alipokubali Kuwa Mfalme

Gazeti likiloa, harufu ya wino wake hunirudisha Guangzhou, China, mwezi wa Machi, kwenye jengo la familia za wanafunzi wa kigeni, ambako kuta zilitoka jasho na nguo zilikataa kukauka. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alisomea uhandisi kwa ufadhili. Mama alinunua nguo soko la jumla la Shahe na kuzituma Mbeya zikauzwe.

Jirani yetu alikuwa Anti Ilona, mwanafunzi mwenye sauti ya tarumbeta, Mhungaria pekee katika jengo zima. Ilipokaribia tarehe kumi na tano alituita watoto wote, akatueleza kwa Kichina, lugha tuliyoelewana sote: zamani, siku kama hiyo, vijana wa kwao waliingia mitaani huku mvua ikinyesha, wakadai uhuru kwa mfalme aliyewatawala kutoka nchi nyingine, na madai yao wakayachapisha bila kuomba ruhusa ya mtu. Ndiyo maana kila mwaka watu huvaa ua la utepe mwekundu, mweupe na kijani upande wa moyo, na watoto hukunja kofia za askari za karatasi.

Mama alituletea tepe nyekundu na nyeupe. Za kijani, kila muuzaji alimjibu "mei you", hakuna, basi akabandua utepe wa gauni lake la kanisani.

Siku yenyewe ilikuwa ya manyunyu. Tulijipanga uani kuigiza siku ile ya zamani, kofia za magazeti vichwani, maua vifuani, na hapo ndipo sherehe ilipokwama: hakuna aliyetaka kuwa mfalme.

"Mimi siwezi kuwa adui, wasee," alisema Otieno, mtoto wa Mkenya wa ghorofa ya juu.

Anti Ilona alitazama mawingu. Kofia zilikuwa zimeanza kulegea. "Bila mfalme, uhuru tutamdai nani?" akauliza kinyonge.

Mara Baba akatokea na vitabu vyake kwapani. Nilinywea. Baba yangu hakuwahi hata kupiga mpira; nilijua amekuja kuniita nikasome. Lakini aliweka vitabu mahali pakavu, akaniuliza, "Huyo mfalme kazi yake nini?"

"Anakataa, Baba. Anakataa kila kitu."

"Hiyo naiweza."

Akapanda juu ya benchi la saruji, akajivika ndoo ya kufulia kichwani, akanguruma kwa Kiswahili, "Sitaki! Hampewi kitu! Nendeni mkalale!"

Tulimvamia kwa vifijo. Alikimbia akizunguka baiskeli zilizoegeshwa, kandambili moja ikabaki kwenye tope, hadi akapiga magoti kuomba msamaha. Tukamvua ndoo, tukamvika kofia yetu. Anti Ilona alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaimba nyimbo za kwao kwa nguvu hata mlinzi akaja kupiga makofi. Wino wa kofia ulitugandia kwenye mapaji ya nyuso, maandishi ya Kichina yamepinda, na ya Baba ndiyo yaliyokolea kuliko yote.

Mama alikuwa penye ngazi na sinia la maandazi. Yeye hakucheka. Alimtazama tu Baba, nami nikadhani amekasirikia suruali yenye tope.

Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza Mama kwa nini.

"Babu yako alifariki baba yako akiwa mdogo kuliko wewe siku ile," alisema. "Wadogo zake amewalea yeye. Tangu tuoane sikuwahi kumwona akicheza."

Miaka yote nilidhani Baba alishuka kutusaidia sisi watoto tucheze. Kumbe pale uani, mtoto aliyekuwa amesubiri zamu yake muda mrefu kuliko wote alikuwa yeye.