Kula Mbele ya Mama Mkwe

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa hili: mtu akishamposa binti wa mama anayemuuzia chakula, je, anaruhusiwa kuendelea kula pale?

Likiandikwa hivi linaonekana swali dogo. Mimi nililibeba siku tisa.

Kwetu, upande wa Handeni, nimekua nikimwona baba akiinuka na sahani yake kila bibi mzaa mama alipotokea uani. Hakuna aliyemfukuza. Alikwenda kumalizia nyuma ya nyumba, tonge mkononi, mtu mzima na ndevu zake. Mkwe hali mbele ya mama mkwe. Hata maji ya kunywa baba aliyapokea ameangalia pembeni. Sisi watoto tulicheka, tukachapwa, tukaelewa.

Nilipomaliza chuo nikapata nafasi ya kujitolea kufundisha sekondari moja Korogwe mjini. Nyuma ya stendi, kwenye uchochoro wa mafundi cherehani, kulikuwa na mgahawa wa mabati wenye meza nne na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: CHAKULA CHA KITHAI. Mwenye mgahawa hajawahi kufika Thailand. Alipika miaka sita kwenye kambi ya Wathai waliokuwa wakinunua vito huko Kalalani. Mpishi wao aliumwa akarudi kwao, na yeye, aliyekuwa mfua nguo, akashika mwiko. Wathai walipoondoka, alirudi mjini na mapishi yao kichwani.

Vitu vyenyewe vilikuwa vyetu vyote, ila alivichanganya kwa namna ambayo hatukuwahi kuifikiria. Supu ya kuku ya tui la nazi, mchaichai, tangawizi na ndimu. Papai bichi, ambalo kwetu kazi yake ni kulainisha nyama ngumu, yeye alilikwaruza, akalitia kwenye kinu pamoja na pilipili, karanga na dagaa, akalitwanga kidogo tu na kukuletea likiwa bado linalia mdomoni. Nyama ya kusaga aliikaanga na kivumbasi.

"Mama, haya majani si ndiyo tunafukuzia mbu?" mteja mmoja aliuliza siku ya kwanza niliyokwenda.

"Ndiyo. Kula, usiku mbu watakuheshimu."

"Na huu mchaichai unatafunwa?"

"Wewe mbuzi? Weka pembeni."

Wateja wengi walidai ugali badala ya wali. Aliwaambia Wathai hawali ugali, na dereva mmoja wa lori la mkonge akamjibu, "Ndiyo maana wamerudi kwao." Basi akaanza kusonga ugali.

Mwaka mzima nilikula pale mchana. Nilitokwa na jasho na kamasi kwa pilipili, nikaomba mchuzi wa kuongeza, nikalamba vidole. Sikuwa na habari kwamba ana binti. Binti alikuwa anasoma uuguzi Tanga, akaja likizo, akawa anamsaidia mama yake kuhudumia. Sitaeleza yaliyofuata, kwa sababu yanafanana na ya watu wengine wote. Miezi minane baadaye, baba yangu mdogo, akiwa mshenga, alipeleka barua ya posa. Ikapokelewa.

Kesho yake nikaacha kwenda kula.

Sikumwambia mtu. Kichwani mwangu nilikuwa nampa yule mama heshima kubwa kuliko zote ninazozijua. Nilianza kupita nyuma ya ghala la mahindi ili hata harufu ya chakula isinikute mbele yake. Mchana nilikula mihogo ya kukaanga shuleni, nikijisifu kimoyomoyo kwamba baba angeniona angefurahi. Kisha nikaanza kujiuliza. Je, niende tu kumsalimia? Nikienda saa ya chakula, atanikaribisha kula. Nikienda saa isiyo ya chakula, atauliza kwa nini siji saa ya chakula. Nikimtuma mtu, mtu gani? Kila siku nilifikiri jambo jipya, na kila siku jibu likawa kutokwenda.

Nililosahau kulifikiria ni kwamba yeye si Mzigua kama sisi. Babu yake alikuja kukata mkonge kutoka Songea, akabaki. Walikulia kwenye kambi za mashamba, makabila sita kwenye mstari mmoja wa nyumba, na kila kabila likaacha baadhi ya mambo yake njiani. Kwao mkwe huketishwa mbele ya sinia, watu wote wanamtazama. Mkwe asiyekula ana neno baya rohoni.

Siku ya tisa mchumba wangu alinipigia simu. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Umemfanya nini mama?"

"Mimi? Sijamfanya kitu."

"Ndiyo, hujamfanya kitu. Hata kumsalimia hujamsalimia. Yule fundi cherehani wa jirani amemwambia mbele ya wateja kwamba kwenu mmesikia habari za Kalalani, kwamba sufuria zake zilipikiwa nguruwe, ndiyo maana umehama. Mama hasemi na mtu. Ameitoa ile barua yenu kabatini. Mshenga wenu akija Jumamosi kuzungumza mahari, anamrudishia."

Nilikaa chini palepale, kwenye ngazi ya darasa. Yule mama ni Mwislamu kama sisi. Tangu siku ya kwanza kule kambini aliwaambia Wathai kwamba nguruwe hatamgusa, na wao wakawa wanampika wenyewe, jiko lao, vyombo vyao. Habari hiyo kila mteja wake anaijua, kwa sababu kwa miaka mingi amelazimika kuirudia.

Nikaandika ujumbe wa simu kumweleza. Ukawa mrefu kama insha. Nikaufupisha, ukaonekana wa kiburi. Nikaufuta. Nikampigia baba mdogo, akanikataza kabisa.

"Usikanyage pale. Mambo ya posa yanapita kwangu. Ukienda mwenyewe utaonekana huna watu."

"Lakini Jumamosi atakurudishia barua."

"Akirudisha, tutajua la kusema."

Nikampigia mama yangu. Nikamweleza yote, kuku wakigombana nyuma yake.

"Ile heshima ni ya kumstarehesha mtu," akasema. "Sasa huyu umemstarehesha?"

"Kwa hiyo niende nikale?"

"Mimi sijasema ukale. Baba yako akisikia nimesema ukale, nitalala wapi? Wewe ndiye uliyesoma."

Ijumaa nikavaa kanzu, nikaswali, na baada ya swala sikurudi shuleni. Nilifuata kundi la waliokuwa wanaelekea uchochoro wa mafundi. Nilichagua saa hiyo kwa makusudi: maneno ya sufuria yalisemwa mchana mbele ya watu, na watu walewale ndio wangekuwepo. Miguu yangu haikukubaliana na hoja hiyo, lakini ilifika.

Meza zote nne zilikuwa zimejaa. Yeye alikuwa anatwanga papai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kula."

Mchi ukasimama. Yule fundi wa jirani, aliyekuwa kwenye meza ya mlangoni, akaacha kutafuna.

"Chakula changu si kina maneno?"

"Sina maneno nacho, mama. Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe. Nilikuwa nakukimbia kwa heshima. Nilidhani unajua."

"Heshima gani ya kupita nyuma ya ghala kama mwizi wa kuku? Jumatatu nilikuona. Jumanne nikakuona. Jumatano umejikinga na daftari usoni!"

Watu wakacheka. Mimi masikio yaliwaka.

"Mwaka mzima umekula hapa makamasi yanachuruzika, 'mama niongeze mchuzi, mama niongeze mchuzi.' Leo ndiyo mdomo wako umekuwa siri?"

Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma akasafisha koo. "Kijana hajasema uongo, mama. Mimi mama mkwe wangu ni mdogo kwangu kwa umri, na bado namkimbia. Juzi nimemkuta kwenye harusi nikakaa na njaa mpaka jioni."

"Ninyi Wazigua mtakufa na njaa kwa adabu," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Alifuta mikono kwenye kanga, akanitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa yamechoka. Nikaona kwamba siku tisa zile, wakati mimi nikijisifu, yeye alikuwa anahesabiwa mchafu ndani ya mgahawa wake mwenyewe.

"Basi nikufungie," akasema kwa upole. "Ukale kwako, usivunje mila ya baba yako."

Huo ulikuwa mlango, na alinifungulia kwa wema. Kwa muda nilisimama pale nikiupima kama ninavyopima kila kitu. Ningetoka na mfuko, hakuna mtu angeniona natafuna, baba asingepata la kusema. Na fundi angesema niliutupa mtaroni.

"Hapana, mama. Naomba hapahapa. Ya kuku, na ugali."

Mzee wa kofia akasogea kunipisha kwenye benchi. Yule mama akapakua, akaleta bakuli mwenyewe, akaliweka mbele yangu, akasema, "Karibu, mkwe." Kisha akarudi kwenye kinu chake, akakizungukia upande wa pili na kukaa akinipa mgongo, akaendelea kutwanga papai ambalo, kwa nilivyojua mapishi yake, lilikuwa limeshatosha.

Nikanawa. Nikamega tonge, nikachovya, nikala mpaka bakuli likaisha.