Sindano Iliyochukua Masikio ya Mama

Mama alikuja kwangu Mbeya kutoka Ilula akiwa na homa na maumivu ya mkojo. Figo zake zilikuwa zimechoka miaka kadhaa, na daktari wake wa Iringa alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwenye daftari lake la kliniki: mgonjwa wa figo, dawa zipimwe kwa uangalifu. Siku alipolazwa hospitali nililikabidhi daftari hilo kwa nesi mwenyewe. Nikaona linabanwa kwa pini ndani ya faili. Nikatulia.

Wakamwanzishia sindano ya maambukizi, kila asubuhi. Homa ikashuka, nami nikawashukuru manesi kupita kiasi.

Siku ya tatu mama akaniuliza, "Mwanangu, humu wodini kuna nyenje?"

"Hakuna, mama."

"Wanalia. Tena kwa nguvu."

Nikamfuata nesi. Hakuacha kuandika. "Dada, ni homa tu hiyo. Dozi lazima imalizike."

Mimi ni mwalimu. Kila siku nawahimiza wanafunzi waulize. Nikarudi kukaa. Kesho yake hata nilimshika mama mkono ili atulie wakati wa kuchomwa.

Siku ya tano nilimwita anywe uji, hakugeuka. Nikamwita tena. Alikuwa anatazama dirishani, na mimi nimesimama nyuma yake na kikombe.

Daktari bingwa aliyepita raundi siku hiyo alisoma majibu ya damu, akasimamisha sindano papo hapo. Akanigeukia. "Kwa nini hamkusema mama anaumwa figo?"

Nikamwonyesha faili. Akalifungua. Daftari lilikuwemo, na pini yake, hakuna aliyelifunua. Akasoma, kisha akanieleza taratibu: dawa ile hutolewa mwilini na figo; figo zikiwa dhaifu, dawa hujaa kwenye damu na kuharibu masikio. Dozi ilipaswa kupunguzwa.

"Atasikia tena?"

"Mara nyingi kusikia hakurudi."

Mama alikuwa anatazama midomo yetu. "Anasemaje?" akauliza, kwa sauti kubwa mno, wodi nzima ikageuka. Nikatabasamu, nikamwonyesha dole gumba.

Hakuna aliyetuomba radhi. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa waliandika kwamba anaendelea vizuri.

Nilimwambia ukweli nyumbani, kwa kalamu, kwenye karatasi ya daftari la shule. Alisoma polepole, akafuatisha kila neno kwa kidole. Kisha akaikunja.

"Ulijua tangu hospitali?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ukanichekea."

Hakuongea nami siku mbili, na sikuthubutu kumwandikia tena.

Sasa anaishi nami. Jumapili tunakwenda kanisani pamoja. Anaimba nyimbo anazozijua kwa moyo, akitangulia wenzake au akichelewa, na wanaoketi mbele yetu wamezoea, hawageuki tena.