Asubuhi Shinyanga, Laasiri kwenye Nikahi

Barua ilinikuta Geita, nikishona nguo za wachimba dhahabu. Binti yangu Rukia anaolewa Dar es Salaam, Ijumaa baada ya laasiri. Alipofiwa na mama yake, nilimwacha huko kwa bibi yake, akiwa na miaka saba. Nikajibu kwamba nitamwozesha mwenyewe kwa mdomo wangu, na asithubutu mtu mwingine.

Jumatatu nilidandia lori la mpunga, nikalala Kahama. Jumanne jioni nikaingia Shinyanga, matope hadi magotini. Kesho yake, stesheni, karani akanipasulia: "Hakuna gari moshi, fundi. Mvua imekata reli."

Niliketi palepale chini, mtu mzima mimi. Kisha nikapeleka telegramu nyumbani kuwa nimekwama.

Mwenyeji wangu, Mama Ng'washi, ndiye aliyenizindua. "Si kuna ndege keshokutwa?"

"Ndege ni ya Wazungu, mama."

"Watakuuliza rangi au tiketi?"

Nikauza cherehani niliyokuwa nampelekea Rukia, nikakata tiketi.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, ndege iliruka. Mama Ng'washi alinisindikiza hadi kiwanjani, nilimwona akishika kichwa na kumwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayu wane!" Mimi nilisoma kila dua niliyoijua, zilipokwisha nikaanza upya. Lakini jamani, nilipofumbua macho! Mashamba ya pamba kama viraka nilivyovishona mwenyewe. Mbele ya Tabora nikaiona reli yenyewe, imekatika, maji yanapita juu yake, nasi hao, tunapita zetu.

Rubani alikijua Kiswahili. Tuliposhuka Dodoma kutia mafuta nikamwuliza Shinyanga na Dar es Salaam ni umbali gani.

"Maili mia nne na ushei, kwa njia ya ndege. Leo utakula chakula cha mchana pwani."

Wallahi, hakusema uongo. Saa saba kasorobo nilikanyaga mchanga wa Dar es Salaam, teksi ikanisumbua kwa pancha juu ya pancha hadi laasiri ikasaliwa, nikafika mtaa wa Gerezani, kwa bibi yake, watu wameshaketi mkekani. Kumbe telegramu yangu imefika, na kwa kuwa baba yuko mbali, kadhi ameombwa aozeshe badala yake. Mkono wa bwana harusi alikuwa ameshaushika.

"Subirini!" nikapiga kelele mlangoni.

Kadhi akanitazama. "Wewe si umekwama Shinyanga?"

"Nilikuwa huko leo asubuhi, sheikh."

"Astaghfirullah, mzee mzima unaongopa!"

Nikampa tiketi. Akaisoma, akaigeuza, akamwonyesha jirani yake, kisha akasogea. "Haya, njoo umwozeshe mwanao." Nikaushika ule mkono nikayatamka maneno.

Baadaye wakaniingiza chumbani. Rukia amekuwa mrefu kuliko mama yake.

"Shikamoo, baba. Ni kweli umetoka asubuhi?"

"Marahaba. Kweli, kwa ndege."

"Na kwa gari moshi?"

"Siku mbili, mwanangu."

"Mimi nilidhani ni miezi."

Nilitaka kumweleza habari za kazi. Nikainama nikamnyooshea upindo wa nguo.

Wiki iliyofuata reli ilikuwa imetengenezwa, nikarudi kwa gari moshi. Nilikaa dirishani siku zote mbili, Morogoro, Dodoma, Tabora, nikitafuta njiani kitu kilichonizuia kwenda kumwona miaka kumi na moja. Sikukiona.