Niliisugua Taa ya Kifini, Akafukuzwa Salim

Kosa ni langu, na msinipe pole. Anayetaka kunitukana anitukane, nimeshaanza mwenyewe.

Niko Dubai, kwenye karakana moja ya Al Quoz. Tunafufua taa za zamani za Finland, za miaka ya hamsini, zenye vifuniko vya shaba vilivyotobolewa tundu ndogondogo. Mwanga wake mpole, hauchomi macho, na matajiri wanazigombania mpaka leo. Mimi niliona makopo tu.

Fundi wake alikuwa Salim, wa Mombasa, tuliyelala naye chumba kimoja Al Nahda. Kutwa sir, bosi wetu mwenye karakana, anamsifu: "Salim ana mkono." Na mimi nina kwato? Gere ikaniingia.

Ijumaa moja Salim alienda kuswali, akaacha taa mezani, shaba imekuwa nyeusinyeusi. Nikasema huyu mvivu, ngoja nimwonyeshe sir kazi. Nikaisugua kwa ukwaju na chumvi, kama tunavyosugua sinia kwetu Tanga Idi ikikaribia. Ikang'aa, nikajiona bingwa.

Kumbe ule weusi ndio mali yenyewe! Wateja wanataka shaba iliyozeeka yenyewe kwa miaka yote hiyo. Ukiisugua, rangi ile hairudi. Salim aliambiwa, mimi sikuuliza.

Sir alipoiona alifoka. "Salim, nilikwambia shaba usiisugue." Salim akaapa kwamba hakuisugua. Mimi nimesimama palepale, vidole vinanuka ukwaju, nimefyata mkia. Nikajiambia sir akipoa nitasema. Hakuna aliyeniuliza. Khalas, viza ya Salim ikafutwa.

Siku ya safari nilimbebea begi mpaka kwenye teksi, mnafiki mkubwa mimi. Akaniambia taratibu, "Nilijua ni wewe tangu niliponusa ukwaju vidoleni mwako. Nilikungoja useme mwenyewe, ndugu yangu."

"Mbona hukunitaja?"

"Na wewe una watoto."

Afadhali angenipiga.

Sasa nimepewa meza yake, na sir anasema na mimi nina mkono.

Nyinyi mnaowaonea gere wenzenu kazini, nawaambia bila kuwabembeleza: ukiharibu kitu, sema papo hapo, bosi akiwa bado anafoka. Mimi nilingoja sir apoe. Akapoa, na Salim alishafika Mombasa.