Mfuko Wetu wa Kuzikana

Ugali ndio ulioniponza. Mume wangu alipofariki, bosi wetu alikuja kwenye msiba nyumbani kwangu Merrylands, huku ughaibuni, akavua viatu, akaketi mkekani na kula ugali kwa mkono kama sisi. Mzungu gani hufanya hivyo? Tangu siku hiyo, sisi Waafrika wa kiwandani kwake St Marys, tunakofua mashuka ya hospitali, tulimhesabu kuwa mtu wetu.

Kwa hiyo alipotangaza kwamba kampuni inauza hati fungani, yaani inakopa kwa watu na kuwalipa riba, tulimsikiliza. Mkopo wenyewe haukuwa wa mashine. Alitaka kununua bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, kwa kuwa bei yake, alisema, itapanda kuliko riba. Mimi ndiye katibu wa mfuko wetu wa kuzikana, ule tunaochangia ili anayefariki arudishwe kwao. Kwenye kikao cha wanachama nilifoka. Niliwauliza tangu lini dobi akawa mcheza kamari. Halafu nikaukumbuka ule mkeka, nikatia sahihi mfuko ununue hati hizo. Najichukia kwa hilo.

Wiki iliyofuata saa ya ukutani kwenye chumba cha chai iliondolewa, pakatundikwa skrini ya bei ya bitcoin. Mwanzoni ilikuwa kijani, bei ikipanda, tukataniana kwamba sasa wafu wetu watasafiri daraja la kwanza. Kisha ikageuka nyekundu na kubaki hivyo. Kikaushio kimoja kikaharibika, fundi hakuitwa. Bosi akaacha kunywa chai nasi.

Mwezi uliopita daktari alimwambia mama mmoja Mrundi, mwanachama wetu mkongwe kuliko wote, kwamba hakuna dawa tena. Mtoto wake wa kwanza alizikwa kwenye kambi ya wakimbizi huko Kigoma, na miaka yote hii mama huyu ameomba jambo moja tu, kuzikwa karibu naye. Nikaenda ofisini kwa bosi kudai fedha zetu. Ningefurahi kama angegombana nami. Alinieleza kwa upole kwamba akiuza sasa, hasara itaizamisha kampuni, na kampuni ikizama, benki italipwa kwanza na sisi mwisho. Yote yalikuwa kwenye karatasi niliyotia sahihi. Nisubiri bei irudi.

Jioni nilimpitia yule mama. Alikuwa ameshakikunja kitenge atakachozikwa nacho, amekiweka juu ya sanduku lake la safari.

"Mwanangu, ile pesa yetu iko?" aliniuliza.

"Iko, mama."

Alinishika mkono akanishukuru, na mimi nikazipokea shukrani za uongo wangu kama zawadi.

Leo asubuhi, tukiwa kwenye chai, binti yake amenitumia ujumbe kwa Kiingereza. Mama hawezi tena kumeza maji, niende haraka. Kabla sijainuka kitini, nilikuwa nimeshaitazama skrini.