Mimba Isiyohesabiwa

Sumaya alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi, mwepesi wa mkono na wa mdomo pia. Mteja msumbufu alisemwa mpaka akatafuta pa kujificha. Ila mbele ya Mama Radjabu, mama wa mumewe, mdomo ule ulifungwa kabisa. Jamani, ndoa ina mambo!

Mimba ya kwanza ilimtoka nyumbani, haijafika miezi minne. Damu ilimwagika mpaka akaona kiza. Alipotaka kwenda hospitali, Mama Radjabu akakataa katakata. "Watu watasema tumbo lako halishiki. Hii haina jina wala sanda, haihesabiwi." Akaifukia mwenyewe nyuma ya nyumba, akampikia Sumaya uji, hata mwanawe hakuambiwa, mambo yakaishia hapo.

Mwaka uliofuata Sumaya akapata mimba tena. Kliniki, upande wa Kamenge, mkunga akauliza, "Umeisha beba mimba ingine mbele ya hii?" Mama Radjabu, aliyeketi pembeni, akawahi: "Apana, ni ya kwanza." Sumaya akanyamaza.

Mwezi wa saba mtoto akaacha kucheza tumboni. Radjabu, mumewe, akatoka gereji na mafuta mikononi, akawapeleka mkewe na mamake hospitali mbio. Daktari Gaëlle akapitisha mashine tumboni, akakodolea kioo, kisha akauliza swali lilelile la mkunga. Safari hii Sumaya hakumngoja mtu.

"Kuna ingine ilitoka, dokta. Nyumbani."

Gaëlle akaketi. Akaeleza polepole kwamba mwili una askari wake wa kinga, na kwenye mimba wanamfanyia kazi mtoto: ndio wanaosaidia kupanua mishipa ili kondo la nyuma lipate damu. "Lakini damu yako ni negatifu, ya mutoto ni pozitifu. Ile mimba ilipotoka, damu yake, pozitifu pia, iliingia kwako. Askari wakaikariri. Sasa wametengeneza silaha, zinapita kwenye kondo, zinavunja damu ya huyu."

"Sindano yake iko?"

"Ilikuwa ya kuchomwa siku zilezile ile mimba ilipotoka. Na ungesema kliniki, tungekufuata kwa karibu, pengine tungemutoa mapema. Moyo wake umesimama, mama. Pole sana."

"Mama, ulijua kuna ingine ilitoka?" Radjabu akamgeukia mamake.

Kesho yake Sumaya alizaa mtoto wa kiume, amekufa, amevimba mwili mzima. Alimchukia mkwewe waziwazi, na akajichukia yeye zaidi kwa kunyamaza kwake.

Mama Radjabu akaja kando ya kitanda, machozi yanamtiririka. "Nisamehe, mwanangu. Wallahi sikujua itafika hapa."

"Ungeniua mi, mama, ningekusamehe," Sumaya akasema, akageukia ukutani.