Telegramu ya Siku za Nge

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mtaa wetu wa Mahajanga ulikuwa na redio moja, ya jirani yetu fundi cherehani, na mtu mmoja aliyekielewa vizuri Kifaransa cha taarifa ya hali ya hewa. Mtu huyo nilikuwa mimi, mwalimu wa darasa la kwanza, na sitaficha, nilijiona. Kila mchana wanawake walikuja na vigoda vyao nami nikawafasiria kwa Kimalagasi. Joto likizidi, walinilaumu mimi.

Jumatatu moja ya Desemba, mvua hazijaanza, taarifa ilikuja na mambo matatu kwa mpigo. Kwetu, joto kali na upepo mkavu. Kwa sababu hiyo, hatari ya moto, hasa penye nyumba za makuti. Na kimbunga kilikuwa kinatoka mashariki, kitafika pwani ya Nosy Be, kisiwa kilicho kaskazini yetu, Alhamisi. Mtaa mzima ukazima majiko, kama ilivyokuwa desturi yetu upepo ule ukivuma, tukashindia ndizi mbivu. Koko, yaani bibi yangu, alinuna kwa kukosa chai.

Mimi nilimfikiria mama. Alikuwa Nosy Be kwa dada yangu aliyejifungua, na arobaini ilikuwa imekwisha. Mashua ya injini ya kuja kwetu ilikuwa iondoke Jumanne. Nikapiga hesabu: akipanda hiyo, Alhamisi itamkuta nyumbani. Nikakimbilia posta nikapeleka telegramu: "Panda mashua ya kesho. Usingoje."

Koko alipopata habari aliniuliza, "Umeutazama mwezi?"

Mwezi ulikuwa katika nge, yaani umeingia kwenye nyota za nge. Siku hizo mbili tatu za kila mwezi wazee wetu hawafungishi ndoa, hawasafiri, hata paa hawaezeki. Nikamjibu kwamba redio haina habari na nge.

"Haya, mwalimu," akasema, akarudi kwenye tasbihi yake.

Jumatano taarifa iligeuka. Kimbunga hakikungoja Alhamisi. Kilikuwa kimevuka nchi kavu usiku, kikaingia baharini kati ya Nosy Be na sisi, palepale pa kupita mashua. Wanawake walinitazama wakingoja nifasiri. Niliwaambia joto litapungua. Mengine nilishindwa kuyatamka.

Jioni mvua ikanyesha. Majiko yakawashwa, watu wakacheka vibarazani, na mimi niliichukia mvua ile kuliko kitu chochote. Posta walisema waya umekatika. Kwa siku mbili nilifundisha watoto kuhesabu bila kujua wamefika ngapi. Niliona nimemuua mama yangu kwa maneno matano.

Ijumaa, baada ya sala, telegramu ya dada ikafika: "Sote wazima. Mama yuko hapa." Nilikaa kwenye ngazi za posta nikalia mpaka karani akatoka kuniuliza nani amekufa. Nilipomwambia hakuna, nikaanza kucheka. Nyumbani Koko alimshukuru Mungu, akaagiza chai ya sukari nyingi, kisha akautangazia mtaa kwamba binti yake ana akili, ameutazama mwezi. Aliringa wiki nzima. Nilifurahi mno hata sikujali, nikamkubalia kila neno.

Mama alikuja baada ya wiki mbili, bahari ikiwa shwari. Nilimsaidia kufungua mizigo, nikamwambia kwamba kuanzia sasa nami nitautazama mwezi kama yeye.

"Mwezi niliujua," akasema. "Lakini wewe uliniambia nije. Nilishuka bandarini na mzigo wangu, nikamsihi nahodha hata watu wakanicheka. Nikamwambia mwanangu ni mwalimu, hawezi kukosea. Ni nahodha aliyekataa kung'oa nanga katika nge."

Aliyasema hayo huku akikunja kanga, bila lawama yoyote. Kisha akauliza kama nimekwisha kula.